Maharagi ya kikombe na biashara ya Japani

Goma – Jioni, baada ya soko, mama mmoja aliyekimbia vita huko Masisi husikiliza simu ya mjukuu wake. Juma hili ilikuwa podikasti juu ya kukuza biashara Japani. Mwanzoni alicheka: Japani aliijua kwa magari tu.

Habari ya Carrefour ikamnyamazisha. Kampuni hiyo kubwa ya Ufaransa ilifungua duka lake la kwanza Japani mwaka 2000. Lakini katika miji ile nyumba nyingi ni ndogo, na wateja wengi hununua chakula kidogo kidogo, kingali kibichi. Mwaka 2005 iliuza maduka yake kwa Aeon, kampuni ya Japani, ikaondoka. 7-Eleven, iliyotoka Marekani, ilianza Tokyo mwaka 1974 kwa duka dogo la mtaani. Leo maduka yake Japani yanapita 20,000.

Mama aliutazama mfuko wake wa maharagi. Mtaji wake wote ulikuwa humo. Alikuwa akiuza kwa ndoo, kama alivyozoea kijijini. Wakimbizi wenzake walipita tu: hawana franka za ndoo nzima, wala pa kuiweka. Wadudu walikuwa wameanza kuyatoboa.

Kesho yake alikwenda sokoni na kikombe. Kufikia saa sita mchana, nusu ya mfuko ilikuwa imekwisha.

“Mjukuu wangu,” alisema usiku, “kumbe mteja ndiye anayechagua kipimo.”