Barua kutoka Houston: Aongezewe Muda au Apewe Mtihani Mwingine?

Aprili ikifika, shule za Texas hubadilika. Milangoni hubandikwa matangazo ya kukataza kelele, wageni huzuiwa kupita kwenye korido, na watoto wa darasa la tatu hadi la nane huketi mbele ya kompyuta kufanya STAAR, mtihani wa jimbo. Kusoma na hisabati hupimwa kila mwaka. Sayansi na maarifa ya jamii hupimwa katika madarasa machache tu.

Mzazi aliyesoma Tabora au Kisumu hudhani huu ni mchujo kama ule wa kumaliza shule ya msingi. Sivyo. Anayekaguliwa hasa ni shule: matokeo ya watoto huingia katika hesabu ya daraja la shule, kuanzia A hadi F, na daraja hilo hutangazwa hadharani. Ndipo linapokuja swali ambalo Wamarekani wamelivutania kwa miaka mingi. Mtoto mwenye ulemavu wa akili, mwenye usonji, au yule ambaye herufi zinamchanganya kila akifungua kitabu, naye apimwe kwa mtihani gani?

Zamani jibu lilikuwa jepesi: asipimwe. Sheria ya mwaka 1975 iliwafungulia watoto wenye ulemavu milango ya shule za umma, lakini siku ya mtihani wengi waliachwa kando, na matokeo ya shule yakatangazwa kana kwamba hawapo. Mwaka 1997 Bunge la Marekani liliirekebisha sheria hiyo, inayojulikana sasa kwa kifupi chake IDEA, na kuyataka majimbo yawajumuishe katika mitihani. Januari 2002 Rais George W. Bush akatia saini sheria nyingine kali zaidi: kufikia mwaka wa masomo wa 2013–14, kila mtoto awe amefikia kiwango katika kusoma na hisabati. Matokeo ya watoto wenye ulemavu yakaanza kuchambuliwa peke yao. Kundi hilo likianguka, shule nzima ilihesabiwa kuwa imeanguka.

Walimu wakuu wakaanza kutafuta pa kupumulia. Mwaka 2003 Wizara ya Elimu ya Marekani ilikuwa imeruhusu mtihani tofauti kabisa kwa watoto wenye ulemavu mkubwa zaidi wa akili, na alama zao za kufaulu zikahesabiwa mradi zisizidi asilimia 1 ya watahiniwa wote. Mwaka 2007 ikaongeza mlango wa pili, wa asilimia 2, kwa ajili ya watoto ambao ulemavu wao si mkubwa kiasi hicho lakini hawaendi kasi sawa na wenzao. Huo ndio mtihani uliorekebishwa. Texas iliuita STAAR Modified. Maswali yalikuwa machache, majibu ya kuchagua yalikuwa matatu badala ya manne, vifungu vya kusoma vilifupishwa, herufi zilikuzwa na michoro ilirahisishwa.

Nia ilikuwa njema. Lakini asilimia 2 ya watahiniwa wote ni kama mtoto mmoja kati ya kila watano wenye ulemavu, na shule yenye hofu ya daraja lake ilikuwa imepata mahali pa kuwahamishia wale wenye alama za chini. Mtoto aliyekuwa akihitaji mwalimu mahiri wa kusoma aliishia kupewa kifungu kifupi zaidi. Alifaulu, shule ikapumua, na kusoma bado hajui. Arne Duncan, waziri wa elimu wa Rais Obama, alipinga utaratibu huo waziwazi, na Agosti 2015 wizara yake ikaufuta rasmi. Texas ilikuwa imeshauacha mwaka uliotangulia. Desemba 2015 sheria mpya ya elimu ikabakiza mlango mmoja tu: mtihani mbadala kwa wenye ulemavu mkubwa zaidi wa akili, na katika kila somo wanaoufanya wasizidi asilimia 1 ya watahiniwa wa jimbo zima.

Texas ina kisa kingine cha asilimia, nacho kinatisha zaidi. Mwaka 2016 gazeti la Houston Chronicle lilifichua kwamba tangu 2004 mamlaka ya elimu ya jimbo ilikuwa imeweka kipimo cha asilimia 8.5: wilaya iliyokuwa na wanafunzi wa elimu maalumu zaidi ya hapo ilipoteza alama katika ukaguzi. Kitaifa kiwango kilikuwa karibu asilimia 13. Wazazi waliambiwa mtoto wao hana tatizo, atakua, asubiriwe. Bunge la Texas lilipiga marufuku kipimo hicho mwaka 2017, na Januari 2018 serikali ya shirikisho ikatamka kwamba jimbo lilikuwa limevunja sheria.

Leo mtoto mwenye ulemavu ana njia mbili, na tofauti yake ndiyo ambayo wazazi wengi hawaelezwi ikaeleweka. Njia ya kwanza ni mtihani uleule wa wenzake, ila anapewa nafuu ya kuufikia: muda zaidi, chumba cha peke yake, maswali kusomwa kwa sauti, maandishi makubwa, nukta nundu. Maswali hayapunguzwi ugumu. Njia ya pili ni STAAR Alternate 2. Hapa mwalimu huketi na mtoto mmoja mezani, humwonyesha picha, humsomea swali, na mtoto hujibu kwa neno, kwa kidole, au hata kwa kukazia macho picha moja. Kwa mtoto asiyesema wala kushika kalamu, hii ni haki yake na ndiyo nafasi yake ya kuonyesha anachojua. Kwa mtoto ambaye tatizo lake ni kusoma polepole, ni kupotezwa.

Uamuzi hufanyika katika kikao ambacho Texas hukiita ARD, kinachoandika au kupitia mpango wa elimu wa mtoto, maarufu kama IEP. Mezani huwapo mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwakilishi wa shule, mtaalamu wa vipimo na mzazi. Kwa familia za Kikongo zilizofika Texas kupitia kambi kama Nyarugusu kule Kigoma au Kyangwali kule Uganda, mara nyingi mkalimani wa Kiswahili huwa ni sauti tu ya simu iliyowekwa katikati ya meza. Kurasa hupinduliwa haraka. Mama anaitikia kwa kichwa kwa heshima, maana alikotoka mwalimu habishiwi. Mwishoni huonyeshwa mahali pa kusaini.

Kinachoweza kupita bila mama kukishika ni hiki: mtihani mbadala huandamana na mafunzo yaliyoshushwa kiwango, na unaweza kuchelewesha au kuzuia cheti cha kawaida cha sekondari. Sheria ya 2015 inataka mzazi aarifiwe hilo wazi. Kuna jambo jingine linalowahusu wageni: mtoto hawezi kuhesabiwa kuwa mwenye ulemavu ikiwa sababu kuu ya kushindwa kwake ni kutojua Kiingereza. Mtoto aliyeanza shule kwa Kiswahili kambini hapaswi kupimwa akili kwa lugha aliyoisikia mwaka jana.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mtoto mwenye usonji wa jimbo la Colorado, iliamua kwa kauli moja kwamba haitoshi mpango wa elimu kumpatia mtoto maendeleo ya kiduchu tu. Lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali yake. Mzazi akiwa na hukumu hiyo mkononi, hana haja ya kuomba kwa unyenyekevu.

Nyumbani nako mambo haya si mageni. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 katika masomo mengine, na huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa. Kenya imeweka katika mtaala wake mpya mkondo wa hatua kwa wanafunzi wasioweza kufuata masomo ya kawaida. Mlango huo ukifunguliwa, ni vyema Nairobi wachunge nani anaingizwa na kwa sababu gani, maana Texas imeshaonyesha jinsi unavyoweza kutumiwa vibaya.

Kwa hiyo, msomaji mwenye dada au shemeji aliyehamia huku na mtoto wa elimu maalumu, mpigie simu kabla ya kikao kijacho. Mwambie aombe mkalimani mapema. Gharama si yake. Aulize: mwanangu anapewa nafuu, au anapewa mtihani mwingine? Na cheti atakachopata ni kipi? Asiporidhika, aseme hakubaliani. Kanuni za Texas zinampa nafasi ya kuahirisha kikao kwa hadi siku 10 za shule, na katika siku hizo hakuna wa kumlazimisha kusaini.