Uso wa Mtawala

Makina, Kibera

Mpwa wangu mpendwa,



Nimesikia umepewa ukuta mzima hapo Kawangware umchore mheshimiwa, naye anataka aonekane mkubwa, kijana, na suti ing'ae. Nimefurahi, maana kazi ni kazi. Lakini kabla hujachovya brashi, tazama stempu mbili nilizokuwekea humu ndani. Nilizipata soko la Toi, katikati ya vitabu vikuukuu.

Ya kwanza ni ya Zanzibar, mwaka 1896. Isogeze kwenye mwanga. Huyo mwenye kilemba ni Sultani Hamed bin Thuwaini. Uso wake ulisafiri kwenye kila bahasha, ilhali tangu 1890 nchi ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza. Alifariki Agosti 25 mwaka huohuo. Jamaa yake Khalid bin Barghash akajitwalia kasri, na siku mbili baadaye manowari za Waingereza zikalishambulia. Vita vikaisha kabla saa moja haijatimia.

Ya pili ni ya Sultani Abdullah bin Khalifa, toleo la 1961. Imegongwa muhuri: JAMHURI 1964. Yeye alifariki Julai 1963, na mwanawe Jamshid akapinduliwa Januari 12, 1964. Serikali mpya ikaendelea kutuma barua kwa sura ya sultani, neno Jamhuri likiwa limegongwa juu yake.

Si kwenye stempu tu. Huko Delhi nako, India, karibu mwaka 1801, mchoraji Khairullah alimchora mfalme Shah Alam wa Pili juu ya kiti cha dhahabu. Kiti halisi cha enzi cha mababu zake, Kiti cha Tausi, kilikuwa kimeporwa na Nader Shah wa Uajemi mwaka 1739, na mfalme alikuwa kipofu tangu adui alipomtoa macho mwaka 1788. Khairullah alimpa fahari yote ya mababu zake, lakini upofu wake hakuuficha. Ndiyo maana ninamheshimu fundi huyo.

Nawe fanya hivyo. Suti ni ya cheo. Ichore ing'ae atakavyo. Uso ni wa mtu. Mikunjo ya pembeni mwa macho usiifute, na ukimwona amechoka, acha uchovu wake ukae hapo. Akilalamika, mweleze kwa adabu kwamba watu wa Kawangware wanamjua kwa sura, na picha isiyofanana naye wataiita ya mtu mwingine.

Hapa karibu na reli kuna mabati niliyochora nyuso za wagombea, uchaguzi baada ya uchaguzi, kila mmoja juu ya aliyemtangulia. Mvua ikinyesha sana, rangi ya juu huambuka. Asubuhi moja nilipita nikakuta macho ya yule wa kwanza yananitazama. Nilishukuru kwamba niliyachora kwa haki.

Mjomba wako akupendaye.