Apolo Alikuwa Mwalimu Tayari

Tuko wawili. Mmoja wetu hufundisha mazoezi vijana wa kanisa Handeni, mwingine Korogwe, na Jumamosi moja kila mwezi tunawakutanisha, zamu hii huku, zamu nyingine kule. Wengi wenu mnatufahamu kwa mchakamchaka unaowaamsha alfajiri, mtuwie radhi. Vyuma vyetu vya kunyanyua ni bomba lenye kopo la saruji kila upande.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 yumo mwalimu tunayependa kumsoma, Apolo wa Iskanderia. Alikuwa msemaji hodari, ameyajua Maandiko, anafundisha kwa moto. Ndipo Prisila na Akila, mtu na mkewe waliokula kwa kushona mahema, wakamsikia, wakamchukua kwao na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Luka hatuambii Apolo alijibu nini. Tunachoona ni kwamba alikwenda Akaya, akawafaa sana waamini wa huko. Na yale aliyokuwa akifundisha kabla hayakuwa uongo. Yalikuwa kweli, ila yaliishia kwenye ubatizo wa Yohana. Kocha naye, mara nyingi anachokijua ni kweli, ila kimeishia mahali.

Jambo hili lilitufika mlangoni alipokuja kijana wa miaka kumi na tisa, ameumia mgongo kwenye mazoezi ya mahali pengine. Kijana huyu ni mkata mkonge. Kazi hiyo ni kuinama, kukata majani, kuyafunga mafungu na kuyabeba hadi kando ya njia, siku nzima. Asipokata, mama yake na wadogo zake hawana unga. Hospitali walimtibu na kumpumzisha. Kisha likabaki swali la namna atakavyoinua mzigo tena. Sisi ni watu wa mbio. Juu ya mgongo tulijua neno moja tu: kunja magoti.

Aliyetufungua ni mzee mmoja anayepakia mizigo sokoni Korogwe, zaidi ya miaka thelathini na magunia, na mgongo wake bado umenyooka kama mnazi. Si wa usharika wetu, ni Mwislamu. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu. Alicheka kwanza. Kisha akasimama mbele ya gunia, akapanga miguu, akalivuta gunia hadi likamgusa tumbo, akavuta pumzi na kulikaza tumbo, halafu akainuka kwa mapaja.

“Wanangu,” akasema, “mzigo ukiwa mbali na tumbo, kilo hamsini zinakuwa mia. Na msigeuke kwa kiuno. Geukeni kwa miguu.”

Anayetaka kujua maana yake ashike jembe mwisho wa mpini, alinyooshe mbele yake, kisha alishike karibu na chuma. Jembe ni lile lile.

Kijana alianza na dumu. Hilo nalo hatukulibuni sisi. Binti mmoja wa Handeni, anayechota maji tangu utoto, alituambia kwamba kopo la saruji lina uzito mmoja tu, lakini dumu unalijaza kadiri ya mtu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi akaanza na lita tano, wiki kwa wiki tukaongeza. Sasa amerudi shambani, ingawa si kwa siku zote za juma.

Wapo waliotuuliza kama si aibu makocha kufundishwa na mpakia mizigo na mtoto wa kike. Tuliwakumbusha Prisila. Tukawaeleza pia habari za Bruda Colm O’Connell, mtawa Mkatoliki kutoka Ayalandi, aliyefika Iten nchini Kenya mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia na kwa kuwasikiliza, mwaka hadi mwaka. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012, rekodi ya dunia, alikuwa mikononi mwake. Na Filbert Bayi wetu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, medali yake ya Olimpiki hakuipata katika mbio hizo. Aliipata Moscow mwaka 1980, fedha, katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Mwenye rekodi ya dunia akajitia kwenye dimbwi!

Lakini si kila anayekuja na neno jipya ni Akila. Vijana huletewa unga na vidonge vya kujaza misuli, visivyo na maelezo wala mwenyewe. Hivyo tunavikataa, na tunawaomba wazazi mtusaidie kuvikataa.

Kwa sasa tunaendelea kupima tulipoishia. Nusu ya vijana wetu ni wasichana, na sisi sote wawili ni wanaume. Wapo wanaokosa mazoezi siku fulani za mwezi bila kusema, na wapo wanaokuja wakiwa wamechoka kupita kiasi. Tulimwomba mama mmoja wa usharika, muuguzi mstaafu, aje kuzungumza nao. Akakubali, ila kwa sharti: atakaa na sisi makocha kwanza, Jumamosi ijayo baada ya mazoezi ya kwaya, na kila mmoja aje na daftari lake.