Nambari 500

Ukurasa wa tovuti ukishindwa kufunguka, seva hutoa nambari ya tarakimu tatu. Zinazoanza na 4 husema tatizo liko kwenye ombi lililotumwa: 404, ambayo wengi tumeizoea, maana yake kilichoombwa hakikupatikana. Zinazoanza na 5 husema seva yenyewe ndiyo iliyoshindwa. Mpangilio huu umo kwenye maelezo ya HTTP yaliyochapishwa mwaka 1996, kabla sijazaliwa, na bado ndio unaotumika.

Kwa siku tisa tovuti yangu ilitoa 500.

Si tovuti kubwa. Ina hadithi kumi na nne alizosimulia bibi yangu huko Pemba, nilizomrekodi kwa simu kabla hajafariki. Anasema "Paukwa!", wajukuu wanaitika "Pakawa!", kuku anapita, mtu anacheka. Sauti hizo ninazo kwenye flashi. Kilichokuwa kwenye seva peke yake ni maneno ya ndugu. Chini ya kila hadithi waliandika aliyecheka ni nani, kisima kinachotajwa kilikuwa wapi, neno fulani wazee walilitumia kwa maana gani. Shangazi yangu wa Muscat aliandika kuliko wote. Naye ameshatangulia mbele ya haki.

Niliiandikia kampuni iliyonipangisha nafasi kwenye seva. Jibu la mashine lilikuja papo hapo: ombi lako limepokelewa. Siku ya tatu mtu akaniambia nifute historia ya kivinjari changu. Nikamweleza kwamba 500 haitoki kwenye kivinjari. Nikamwomba aangalie seva, au anirudishie nakala rudufu ambayo kifurushi changu kiliahidi kila usiku. Kimya. Nikapiga simu, ukapigwa muziki, kisha ikakatika. Ankara ya mwaka unaofuata, hiyo ilifika kwa wakati wake.

Tunasema "tovuti yangu", lakini wengi wetu ni wapangaji. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakapoteza data zao moja kwa moja. Yahoo ilipoifunga GeoCities mwaka 2009, kurasa nyingi za watu wa kawaida zilinusurika kwa kuwa Internet Archive na watu wa kujitolea waliwahi kuzinakili. Lakini moto huonekana, na kufungwa kwa huduma kuna tarehe yake. Kimya hakikupi hata pa kuanzia kuomboleza.

Siku ya tisa tovuti ikafunguka. Ombi langu likaandikwa "limetatuliwa", bila sentensi moja ya kueleza kilichotokea. Usiku ule nilinakili maneno yote ya ndugu, na yale ya shangazi nikayaandika tena kwa mkono kwenye daftari.

Seva ilikuwa imesema kweli tangu dakika ya kwanza: kosa ni langu. Kwa watu walio nyuma yake sikutaka miujiza. Msimulizi akisema paukwa pasiwe na wa kuitika, hadithi haianzi, nami nilikuwa nimeita siku tisa. Nilitaka mtu mmoja tu aitikie, hata kama angeniambia kwamba maneno ya shangazi yamepotea.