Sanduku Chini ya Kaunta

Jumatano ndiyo siku ya matoleo mapya. Kabla hatujafungua duka letu la katuni hapa Columbus, Ohio, nakata makasha kwa kisu, nahesabu nakala moja moja na kuzigawa: hizi za rafuni, hizi za wateja waliojiandikisha. Kila aliyejiandikisha ana sehemu yake kwenye sanduku chini ya kaunta. Nikimwekea mtu Batman humo, najua nakala hiyo ina mwenyewe. Za rafuni nazisubiri kama mvuvi.

Tangu 2013 mimi ndiye mwagizaji wa duka hili, na huwa nasikitika nikisikia vijana wakibishana kwamba mfululizo fulani umetia fora kwa sababu umeuza nakala laki moja. Hesabu hizo zinazotajwa si za wasomaji, ni zetu sisi wenye maduka. Tunanunua kwa punguzo, na kwa kawaida hakuna kurudisha. Mchapishaji akishatuuzia kitabu, kwake kimeuzika, hata kama kwetu kinakula vumbi. Isitoshe, oda tunazifunga wiki kadhaa kabla ya kitabu kutoka. Toleo la 2 na la 3 nayaagiza kabla sijaona hata mtu mmoja akilinunua toleo la 1.

Halafu kuna majalada adimu. Agiza nakala 25, upate moja yenye jalada hilo. Mwaka mmoja, kwa kitabu cha kampuni ambayo sitaitaja, niliagiza 75. Yale matatu adimu yaliondoka siku hiyohiyo. Nakala za kawaida zaidi ya 50 nilizihamishia kwenye sanduku la dola moja, na nyingine zimo mpaka leo. Kwenye jedwali la mauzo zote zilihesabiwa.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni X-Men ya 1991, ya Chris Claremont na Jim Lee: zaidi ya nakala milioni 8 za toleo moja, kwa majalada matano. Wengi walinunua zote tano wakiamini wanaweka akiba. Bado wananijia, nakala zikiwa safi ndani ya mifuko ya plastiki, mzee mmoja akiniambia alimwekea mwanawe ada ya chuo. Kumtajia bei mtu kama huyo ni kazi inayoniuma.

Kwa hiyo toleo la 1 silitumii kupimia kitu. Black Panther ya Ta-Nehisi Coates ilipoanza Aprili 2016, maduka yalichukua nakala zaidi ya 250,000, nami nilifurahi kama mtu aliyesikia jina la kwao likiitwa. Lakini nilingoja toleo la 4 na la 5, nikahesabu waliojiandikisha: wangapi wamebaki, wangapi wameniambia niwaondoe. Hapo ndipo penye ukweli.

Na hata sanduku la chini ya kaunta halisemi yote. World of Wakanda, uliotokana na mfululizo huo, ulisimamishwa 2017 baada ya matoleo 6. Mwaka uliofuata ukapata Tuzo ya Eisner ya katuni. Wasomaji wake wengi hapa kwetu hawakuwa watu wa Jumatano. Walikuja baadaye, wakitaka kitabu kizima kilichojalidiwa, wakati uamuzi wa kuusimamisha ulikwisha kupita.

Ms. Marvel ya 2014 ndiyo iliyonifunza hilo. Shujaa wake, Kamala Khan, ni binti wa Kiislamu wa Jersey City. Matoleo ya kila mwezi yalikwenda wastani tu dukani kwetu. Kisha Jumamosi moja akaingia mama na binti yake wa miaka kama 12, mtandio umefungwa vizuri, wote hawajawahi kukanyaga duka la katuni. Binti akachukua juzuu ya 1. Baada ya siku tatu alirudi peke yake, fedha ameikunja kiganjani, akauliza, "Ya pili iko?" Haikuwepo. Niliagiza nakala sita jioni ileile.