Likizo ya Kipupwe, Msumeno Mkononi

Ukiolewa na mtu wa Mtwara, jua kuna mwanandoa wa tatu ambaye hakutambulishwa siku ya sendofu: shamba la korosho. Letu liko Newala, aliliacha marehemu baba mkwe. Kila mwaka hela ya salfa inatoka kwenye mishahara yetu, na ugomvi ni uleule: mume wangu anataka tuuze, mimi sitaki. Mwaka ule mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Tukakubaliana jambo moja: likizo ya mwezi wa sita tusiende Zanzibar. Twende shambani, kazi ifanyike yote inavyotakiwa, halafu tuamue.

Kwa nini mwezi wa sita? Kule kusini korosho zinaanza kuokotwa karibu Oktoba, lakini mavuno yanaamuliwa wakati wa kipupwe, mti ukiwa hauna kitu. Adui ni ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga unaoshambulia majani machanga na maua. Ua likishapata ugonjwa linakauka, korosho hakuna. Kabla miti haijachanua, ukungu huo unajificha kwenye machipukizi yanayoota ndani ya mti, kivulini. Ukiyaacha, maua yakitoka tu upepo unamaliza kazi. Na salfa siyo muujiza, jamani. Mti ukisongamana haifiki ndani.

Basi tukapogolea. Machipukizi ya ndani, matawi makavu, yanayoburuza chini na yanayosuguana, yote yakaondoka. Tulitumia msumeno, maana panga linachana gamba na kuuachia mti kidonda. Tawi unalikata karibu na shina, huachi kisiki. Chini tukapalilia, ili korosho zikidondoka zionekane.

Kasheshe ilikuwa miti iliyobanana. Mkorosho unachanua kwenye ncha za matawi yanayopata jua. Miti ikigusana, pale katikati huvuni kitu. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, kwa hiyo mingine ilibidi iondoke kabisa. Mama mkwe akasimama mbele ya msumeno.

"Miti hii kaipanda marehemu kwa mikono yake. Leo mnaikata?"

Nilinyamaza. Mume wangu, yuleyule wa kuuza, ndiye aliyejibu: "Mama, tusipopunguza tutauza shamba zima."

Mama anaijua hasara ya mikorosho kuachwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na miti yao, bei ilikuwa duni, na ubwiriunga ukaja juu yake. Akakaa kimya, kisha akaanza kutuonyesha mmoja mmoja: huu toeni, na ule. Alipofika kwenye mmoja uliopinda akaugusa. "Huu hapana. Aliupanda wiki uliyozaliwa wewe."

Mume wangu aliuzunguka mti ule kama mara tatu. Jioni akampigia mnunuzi simu, akamwambia biashara imekufa.

Msimu ule hatukutajirika, lakini magunia yaliongezeka, na salfa tuliipuliza ikaonekana kazi yake. Siku hizi likizo yetu ni ya kipupwe. Wanandoa wenzangu, kama kuna shamba, kiwanja au nyumba ya urithi inayowagombanisha, msisubiri msimu wa pesa. Kaeni chini wakati hakuna cha kugawana. Ndipo watu wanasikilizana.