Barua kutoka Townsville: Kosa dogo baharini

Mjomba,

Niko huku Townsville, Australia, na mdogo wangu anayesoma huku. Uliniagiza nisikuandikie habari za maghorofa na magari. Ulisema unataka kujua bahari ya huku ikoje na wavuvi wake wanaishi vipi na hifadhi. Basi nimeuliza, nimetazama, na nimepanda boti.

Kwanza ukubwa. Hifadhi yetu ya bahari ya Mafia, ambayo kisiwa chetu cha Jibondo kimo ndani yake, tangu ilipoanzishwa mwaka 1995, ni kilomita za mraba 822. Hii ya huku, inayolinda Great Barrier Reef, ni kilomita za mraba 344,400. Hifadhi kama ya kwetu zingeingia humo zaidi ya 400. Miamba inafuata pwani ya Queensland kwa zaidi ya kilomita 2,000, na ofisi kuu ya hifadhi iko hapa hapa Townsville. Ila usidhani ni bahari iliyofungwa. Watu wanavua, meli za mizigo zinapita, watalii wanazamia. Kila kitu kina mahali pake, na mahali penyewe pamepakwa rangi kwenye ramani.

Ramani hizo hutolewa bure kwenye maduka ya chambo na mishipi. Niliingia duka moja kutazama ndoana tu, nikatoka na karatasi kubwa mkononi, nikaisoma usiku kucha. Penye buluu unavua, ingawa buluu iliyokoza hairuhusu nyavu za kukokota. Penye njano unavua kwa kiasi: kila mtu mshipi mmoja, na mshipi wenyewe ndoana moja. Wewe, Mjomba, ukishusha ule mshipi wako wa ndoana tatu pale, umeshakosea. Penye kijani unapita, unaogelea, unatia nanga, lakini samaki humgusi. Na penye waridi huingii kabisa bila kibali.

Jirani wa mdogo wangu, mzee mstaafu, alituchukua kwa boti yake kuzunguka kisiwa cha Magnetic, kisichofika hata kilomita kumi kutoka mjini. Ni kisiwa cha mawe makubwa ya mviringo, watu wanaishi, watoto wanavuka kwa feri kwenda shule. Upande mmoja kuna ghuba iitwayo Geoffrey, nayo ni ya kijani. Kabla hatujaikaribia, yule mzee alivuta mishipi yote, akang'oa ndoana, akalaza fimbo za kuvulia chini ya benchi, akazifunga. Hakukuwa na mtu wa kumwona. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue, maana tulikuwa tunapita tu. Akanionyesha simu yake: ramani ile ile ya rangi, na alama inayoonyesha boti yetu ilipo. Akasema kanuni inataka vyombo viwe vimehifadhiwa unapokatiza eneo la kijani, na kwamba mtu akikutwa humo na mshipi majini hawezi tena kusema hakujua mpaka uko wapi.

Nikamuuliza adhabu ni nini. Hapo alisimulia kirefu, na ndiyo habari niliyotaka ikufikie.

Tarehe 1 Julai 2004 hifadhi hii ilipangwa upya. Maeneo yasiyovuliwa yalikuwa chini ya asilimia 5, yakapanda kwa siku moja hadi asilimia 33. Fikiria mvuvi aliyezoea mwamba wake tangu utoto, kisha asubuhi moja mwamba ule umekuwa wa kijani. Wengine walipuuza kwa makusudi, lakini wengi walipotelewa na mpaka, kwa sababu mstari uko kwenye karatasi na baharini hakuna ukuta. Sheria ya wakati ule haikuwa na njia ndogo ya kushughulikia kosa dogo la mvuvi wa kujifurahisha. Aliyekamatwa na kushtakiwa alipelekwa mahakamani, na akitiwa hatiani anabaki na rekodi ya jinai. Watu zaidi ya 300 walipata rekodi hiyo kwa kuvua mahali pasiporuhusiwa. Mtu ametoka Jumamosi na mwanawe kutafuta kitoweo, kisha kila fomu ya kazi au ya safari ya nje inamuuliza: je, umewahi kupatikana na hatia?

Watu walilalamika, na kelele zao zikafika Bungeni. Mwishoni mwa 2006 utaratibu ukabadilishwa. Kosa dogo likaanza kumalizwa kwa hati ya faini: unapewa karatasi, unalipa, yamekwisha, hakuna hatia inayoandikwa. Usiporidhika, una haki ya kwenda mbele ya hakimu. Baadaye sheria ikarekebishwa tena ili wale waliohukumiwa kabla ya mabadiliko wasiendelee kuandamwa na hukumu zile. Nilipenda sana hilo. Serikali ilikubali kwamba adhabu ilizidi kosa, na haikulegeza ulinzi wa bahari hata shubiri moja. Kijani kilibaki kijani.

Faini yenyewe si ya mchezo. Siku hizi kuvua eneo la kijani kunakugharimu zaidi ya dola 3,000 za Australia, ambazo kwetu zinazidi shilingi milioni 4. Chini ya hapo kuna ngazi nyingine: barua ya kukufahamisha kanuni, kisha onyo la maandishi. Juu ya hapo kuna mahakama, kwa wanaorudia na kwa wafanyabiashara wanaoingia kwa makusudi. Boti za biashara zenyewe, zinazovua kwa mishipi, nyavu na mitego ya kaa, tangu 2019 zinatakiwa kuwa na kifaa kinachoonyesha zilipo saa zote, kwa hiyo kisingizio cha kupotea njia hakiwafai sana wenye boti hizo.

Kuna jambo moja sikulipenda, na nilimwambia yule mzee. Kiwango ni kimoja kwa wote. Mstaafu mwenye boti ya futi 12 na tajiri mwenye boti ya kulala watu 10 wanapewa karatasi ya kiasi kile kile. Kwa mmoja ni pensheni ya wiki kadhaa, kwa mwingine ni mafuta ya safari moja. Mzee alikubali, ila akasema yeye anaogopa zaidi aibu ya kukamatwa mbele ya majirani kuliko hizo dola.

Najua utauliza: samaki mmoja ana uzito gani katika bahari yote hiyo? Mdogo wangu alinionyesha utafiti uliofanywa kwenye visiwa vya Keppel, kusini ya hapa, ukatolewa mwaka 2012. Wataalamu walipima vinasaba vya samaki wachanga ili kujua wazazi wao wanaishi wapi. Maeneo yasiyovuliwa yalikuwa asilimia 28 tu ya miamba ya pale, lakini karibu nusu ya samaki wachanga katika eneo lote la kilomita 30 walitokana na wazazi wa humo, wakiwemo wale waliokwenda kukulia kwenye miamba inayovuliwa. Waliopimwa ni jamii ya chewa wenu na jamii ya kungu. Chewa mkubwa anayetolewa kwenye kijani kwa ndoana ya mtu mmoja huenda ndiye mzazi wa samaki wanaovuliwa na wavuvi wengine. Na wazamiaji wa utafiti wanapokuta mishipi iliyokatika imenasa kwenye matumbawe ndani ya maeneo yaliyofungwa, wanaitumia kukadiria wizi huo, maana mvuvi hayupo lakini mshipi wake umebaki.

Sasa nirudi nyumbani. Sisemi kwetu kufuate kila cha huku. Mstaafu wa Townsville anavua kwa raha, na akirudi mikono mitupu anapitia dukani. Mtu wa Jibondo akirudi mikono mitupu, watoto wanalala na uji. Ndiyo maana napendekeza kosa la kwanza la mtu aliyeingia eneo lililofungwa kwa mshipi wa mkono lianze na onyo lililoandikwa jina lake, na la pili faini ambayo mvuvi anaweza kuilipa bila kuuza chombo chake. Mwenye baruti ni habari nyingine kabisa, huyo anaua mwamba wa vizazi na mahakama inamstahili. Na boti ya watalii inayotupa nanga juu ya matumbawe nayo ina kosa lake, kubwa kuliko la mvuvi wa ndoana, kwa hiyo ilipishwe zaidi.

Mjomba, wewe watu wakikusikia wanakaa kimya. Kamati ya kijiji itakapokutana, omba mambo mawili: ramani ya maeneo ibandikwe pale samaki wanaposhushwa, na pembeni yake orodha ya makosa madogo na adhabu ya kila moja, kwa Kiswahili, kwa shilingi, kwa mvuvi na kwa mgeni. Kama vipo tayari, hakikisha vinasomeka. Kisha niandikie walivyojibu.

Mpwa wako.